Hewa Isiyozima Taa

Agosti 2

Baba mdogo amenipa daftari hili. "Kila jioni andika futi tulizofika na aina ya udongo," kasema. "Hadithi sitaki."

Haya. Futi kumi na mbili, udongo mwekundu. Nimemaliza. Sasa hadithi.

Tunachimba kisima nyuma ya zahanati. Mabomba ya mtaa mzima yamekauka, ukifungua hayatoi hata pumzi. Ukija kuzaa unakuja na ndoo yako ya maji kichwani na mtoto tumboni. Matroni anataka kisima kabla kiangazi hakijamfungia wodi ya wazazi. Sisi ni watatu. Baba mdogo ndiye fundi, na ndiye aliyetulea tangu baba afariki. Kaka yangu ndiye anayeshuka. Tangu utotoni anaitwa Fuko, na kweli shimoni anachangamka kuliko mezani. Mimi navuta kamba. Ieleweke kwamba kuvuta kamba ndiyo kazi kubwa. Fuko anajaza ndoo tu, lakini dunia yote anayoichimba inapita mikononi mwangu, na mikono hii msichana wa dirisha la dawa ameshaitazama, tena si mara moja.

Shule niliiacha kabla haijaniacha yenyewe. Ndiyo maana Fuko ananiita Profesa.

Agosti 3

Jiwe. Tumelipiga kutwa. Limeshinda.

Agosti 4

Jiwe limeshindwa. Fuko amelipandisha kipande kipande, kila kipande na tusi lake.

Agosti 6

Kabla ya visima, Baba mdogo alikuwa mtunza maabara kwenye shule ya sekondari. Alikuwa anaosha vioo huku anawasikiliza walimu. Aliosha miaka na miaka, akatoka na fizikia yote isipokuwa cheti. Mtaani anaitwa Mzee Kanuni. Ukimwambia jua kali leo, kanuni. Ukimwambia umechoka, kanuni. Ukijikwaa, kabla ya kukupa pole anakueleza kwa nini ulianguka upande ule.

Leo kwenye chakula amemkera mama. Mama alisema tu kwamba ametuombea tupate maji upesi. Mzee akaweka kijiko chini.

"Shemeji, maji yapo au hayapo. Mungu aliyapanga siku alipoumba miamba. Hatayasogeza leo kwa kuwa umepiga magoti."

"Hawezi?"

"Hana haja. Mungu ni fundi aliyemaliza kazi. Aliweka kanuni, kanuni zinaendesha. Fundi anayerudi kila siku kurekebisha ni fundi mbovu."

"Baba mdogo," nikasema, "na wewe kile kisima cha sokoni umekirudia mara ngapi?"

Fuko akapaliwa na maji mpaka akapigwa mgongoni. Mama hakucheka. Alikuwa anamtazama shemeji yake.

"Mungu wako huyo ni kama mume aliyehama," akasema. "Kajenga nyumba nzuri, kaondoka, hatumi hata salamu."

"Lakini paa halivuji."

"Na watoto wakilia?"

Mzee akarudi kwenye kijiko chake. Bao la mama, mimi ndiye mwamuzi.

Agosti 10

Udongo wa kijivu, mgumu. Jua.

Agosti 13

Kila asubuhi kabla Fuko hajashuka, Baba mdogo anawasha kandili, anaifunga kwenye kamba nyembamba na kuiteremsha polepole mpaka chini. Ikiendelea kuwaka, Fuko anajifunga kamba kwapani, anashuka kwa vishimo vya kukanyagia, mimi nashikilia huku juu. Ikizimika hashuki mtu, hata Matroni alie machozi ya damu.

Leo imezimika. Haijafika hata chini, pu, kama kuna mtu ameipuliza. Wasindikizaji wa wagonjwa waliokuwa wanatutazama wakarudi nyuma wote kwa pamoja. Mmoja akasema ni shetani wa shimo. Mwingine akasema Mungu amekataza.

"Ni hewa nzito," akasema Baba mdogo, hata hakugeuka. "Inazama chini kama maji. Taa na mtu wanakula sahani moja. Taa ikishiba, na mtu atashiba. Taa ikifa njaa, usipeleke mtu."

Akakata tawi lenye majani mengi, akalifunga kwenye kamba, akanikabidhi. Nikalishusha na kulipandisha, nikalishusha na kulipandisha, mpaka mabega yakawaka moto. Akateremsha taa tena. Ikawaka vizuri. Fuko akashuka, akapiga kazi, akapanda anapiga mluzi.

Wale watu niliwaeleza habari ya hewa nzito mpaka mate yakanikauka. Niliongeza na mambo mengine ambayo sina uhakika nayo. Nyumbani nikamwambia mama, "Tungeomba tu, sasa hivi Fuko angekuwa maiti."

Mama akasema, "Na aliyempa baba yako mdogo akili ya kuteremsha taa ni nani?"

Nikasema nina usingizi.

Agosti 19

Jua. Tangi la zahanati limebaki na matope. Matroni anapita shimoni asubuhi na jioni, anachungulia, anaondoka. Haulizi tena.

Agosti 24

Wingu moja lilipita adhuhuri. Wodi nzima ilitoka nje kulitazama, hata mama mmoja mwenye mshono. Likaenda zake.

Agosti 27

Mchanga mbichi! Fuko amepandisha ndoo ya mchanga, nimeukamua, ukatoa tone. Nimempelekea msichana wa dirisha la dawa tone hilo kwenye kiganja. Amesema nioge.

Agosti 29

Maji yanajikusanya lakini ni ya tope, na tunataka kwenda chini zaidi yatoke safi. Tukichota kwa ndoo, yanarudi haraka kuliko tunavyochota. Fuko anachimba akiwa amezama mpaka magotini.

Agosti 30

Matroni ametuazimia pampu ya petroli kwa mkandarasi mmoja. Tumeiweka ukingoni, tumeshusha mpira mpaka majini, tumewasha. Ikanguruma, ikatetemeka, haikutoa hata mate. Watu wakacheka. Mimi nikajifanya simjui mwenye kisima.

Lakini Baba mdogo alifurahi. Kweli, alifurahi, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. "Pampu haivuti maji," akatuambia. "Inaondoa hewa ndani ya mpira tu. Hewa ya huku nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Na nguvu ya hewa ina mwisho wake. Maji haya yako chini kupita mwisho huo. Basi pampu iyafuate maji."

Tumekaa kutwa tunapigilia mbao shimoni, jukwaa dogo la pembeni, juu kidogo ya maji, na tumeishusha pampu yenyewe kwa kamba tatu hadi pale.

Agosti 31

Imefanya kazi! Fuko alishuka, akavuta kamba ya kuwashia, akapanda mbio moshi usimkute. Shimo likanguruma kama limemeza simba. Maji ya rangi ya chai yakamwagika juu, na waliocheka jana wakapiga makofi. Tunaweka petroli kidogo tu, ikiisha inazima yenyewe, tunangoja moshi utoke, tunateremsha taa. Taa iliwaka. Fuko akashuka akachimba.

Alipopanda alisema kichwa kinamgonga. Nikamwambia ni ubongo unashangaa kutumika. Baba mdogo akasema ni jua.

Leo hakuna mwenye akili kumshinda Mzee Kanuni, na mimi ni mtoto wa ndugu yake.

Septemba 1

Sijui niandike nini.

Septemba 2

Nimekaa kwenye kibaraza cha wodi. Kaka yangu yuko nyuma ya ukuta huu.

Jana asubuhi petroli iliisha, injini ikanyamaza. Tulingoja mpaka shimo likawa safi kwa macho. Baba mdogo akateremsha kandili. Ikapita jukwaa, ikafika chini, ikawaka. Nililiona jicho lake la njano mimi mwenyewe. "Inakula," akasema.

Fuko akajifunga kamba. "Profesa," akaniambia, "leo usinivute kama gunia. Nivute kama bwana harusi."

Nikamwambia bwana harusi gani ana sura hiyo.

Ndoo ya kwanza ilikuja imejaa. Ya pili nusu. Ya tatu ilikuja na konzi moja ya mchanga. Nikapiga kelele, "Fuko, unachimba au unalamba?" Akacheka. Kicheko kikawa kirefu, kikaendelea hata baada ya mzaha wenyewe kuisha. Halafu akasema, "Miguu yangu mbona..." Hakumalizia.

Baba mdogo alishaikamata kamba kabla sijaelewa. Tukavuta. Ilikuja kidogo, ikakwama. Lile jukwaa. Alikuwa ameangukia chini yake na bega limenasa kwenye mbao. Kila tukivuta tunasikia mbao zinalia, na yeye halii.

Nikachukua kamba ya ndoo nikaanza kujifunga kiunoni nishuke. Baba mdogo akaniangusha. Yule mzee mwembamba, sijui alitoa wapi nguvu, akanikalia kifuani.

"Taa inawaka!" nikamwambia. "Umesema mwenyewe, sahani moja! Tazama, inawaka!"

Na kweli ilikuwa inawaka. Kule chini, kando ya mkono wa Fuko, imetulia kama taa ya sebuleni.

"Naiona," akasema. "Inawaka na sijui kwa nini. Kwa hiyo hushuki."

Nikamng'ata mkono. Hakuniachia mpaka aliponiona nimeishiwa pumzi. Halafu akalala kifudifudi ukingoni, akatazama ndani, akaanza kuniongoza. "Legeza. Usivute. Legeza tena. Sogea kushoto. Sasa vuta." Kamba ikakwama. "Legeza." Watu walikuwa wamejaa, wanapiga kelele, wengine wanasema ombeni, wengine wanasema mwacheni kijana ashuke, mzee muuaji huyu. Yeye hakuinua kichwa. "Legeza. Kushoto. Vuta." Sijui ilichukua muda gani. Sitaki kujua. Bega likachomoka, akaja.

Alikuwa na kucha nyekundu kama za bibi harusi. Nilifikiri hiyo ni dalili nzuri. Nilimwambia Matroni, tazama damu inatembea. Matroni alikuwa anamfunga barakoa ya mtungi wa oksijeni, mtungi pekee walio nao.

Mama alifika bila viatu.

Septemba 3

Anapumua. Hafumbui macho. Jua.

Septemba 4

Bado.

Septemba 5

Leo nimesali. Sikuwa najua mahali pa kushikia, nikaanza kama barua: mimi ni fulani, natumaini u mzima. Nikaona aibu, nikasema tu mwamshe. Nimemwambia anaweza kuchukua mikono yangu, hii ninayojisifu nayo. Nimemwambia sitamtania tena mtu.

Kisha nikamfuata Baba mdogo. Amekaa chini ya ukuta wa jiko la zahanati tangu juzi, haingii wodini mama akiwemo.

"Muombee," nikamwambia. "Hata kama huamini. Inakugharimu nini?"

"Naamini," akasema. "Ndiyo maana siombi."

"Hiyo ni akili au ukatili?"

Akafikiri. Mtu mwingine angenizaba kibao.

"Moyo wake unapiga kwa kanuni," akasema. "Oksijeni inaingia kwa kanuni. Nikimwambia Mungu avunje moja kwa ajili yetu, nitajuaje ile inayompigisha moyo haitavunjika? Acha zisimame zote. Ndani yake ndimo Fuko alimo."

Nikamwambia Fuko yumo kitandani, hayumo kwenye kanuni. Nikatema mate karibu na mguu wake. Hakuusogeza.

Septemba 6

Bado. Mawingu asubuhi, mchana hakuna.

Septemba 7

Mama anamwimbia nyimbo za kulalia. Nikamwambia, mama, huyu tunataka aamke. Akanitazama kwa mara ya kwanza wiki hii, na karibu acheke. Halafu akalia.

Septemba 8

Tabibu wa hospitali kubwa amekuja. Amemtazama kucha, amemulika macho, ametuuliza maswali. Injini ilikuwa wapi? Ndani ya kisima? Akavua miwani.

Amesema moshi wa injini una hewa moja isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kukalia kiti cha oksijeni, hainyanyuki. Moshi unaoonekana ukishatoka, hiyo inabaki.

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Nadhani hivyo ndivyo alivyosimama miaka ile yote na vioo vyake mkononi.

"Na taa?" akauliza. "Haizimi taa?"

"Taa haina damu, mzee. Hewa hiyo kidogo tu inamuua mtu, taa haina habari."

"Inatoka kwenye injini yoyote?"

"Yoyote."

"Asante, daktari," akasema.

Alimshukuru! Kama ameonyeshwa njia ya sokoni! Nilitoka nje nikapiga teke ndoo, ikaenda mpaka kwenye geti. Alijua nguvu ya hewa inaishia wapi, akaipeleka injini chini kwa ujuzi wake huo. Asingejua kitu, angekuwa mjinga kama mimi, pampu ingebaki juu inakohoa, tungechekwa, na Fuko angekuwa anakula.

Septemba 9

Amekufa saa nne asubuhi. Mama alikuwa anamfuta uso.

Septemba 10

Tumemzika. Udongo mwekundu.

Septemba 12

Nyumba imejaa watu. Wanaingia, wanamshika mama mkono, wanasema lile neno: kazi ya Mungu haina makosa. Halafu wanamwendea Baba mdogo, nyuma kule alikojificha, nao wana huruma, wanamwambia neno lile lile. Najua walikuwa wanataka kumpa njia ya kutokea. Hata wale waliomwita muuaji pale shimoni walikuja wakampa.

"Haina makosa," akawajibu. "Kosa ni langu."

Wakamwambia, mzee usiseme hivyo, siku ilikuwa imefika. Akasema siku haikufika, niliileta mimi. Wakasema Mungu amempenda zaidi. Akasimama.

"Msimsingizie. Mungu hakuiwasha injini ile. Hakuishusha kwa kamba tatu. Aliweka kanuni ya ile hewa tangu dunia ianze, haikujificha, haikubadilika, ilikuwa inangoja mtu ajifunze. Nilikuwa na maisha mazima ya kujifunza. Nikajifunza nusu, nikampeleka mtoto kwenye nusu nyingine."

Mmoja akachukua kiti chake akasogea mbali.

Mimi nilikuwa nimepanga kumwambia hayo. Siku tatu nimeyapanga, maneno makali zaidi, moja moja kama mawe. Amenipokonya hata hilo.

Septemba 13

Mama alimwita Baba mdogo sebuleni asubuhi, kabla watu hawajaja. Alinikuta nafagia, hakunifukuza.

"Shemeji," akasema, "watu wanakupa Mungu unamkataa. Kwa nini?"

"Kwa sababu si kweli."

"Mimi je? Umenifikiria mimi? Ikiwa ni Mungu, nitalia naye mpaka tuelewane, tumezoeana. Ikiwa ni wewe, unakaa chumba cha pili. Nikusikie ukikohoa kila siku. Wanangu umewalisha wewe. Nikuchukie?"

"Nichukie."

"Unaniambia hivyo tu, kama unaniambia nipitishe chumvi."

"Shemeji, ningekuwa na kitu kingine cha kukupa ningekupa. Nina ukweli tu. Nichukie."

Mama akatingisha kichwa polepole, kama mtu aliyekubali bei. Tangu hapo hajamsemesha.

Septemba 16

Nimekaa katikati yao kama mtoto wa waliotengana. Mungu wa mama aliweza kumwamsha Fuko, akaombwa vizuri na mtu anayejua kuomba, hakumwamsha. Mungu wa Baba mdogo haombwi. Yupi mbaya zaidi? Nikiwa na mama namchukia wa mama. Nikiwa na mzee namchukia wa mzee. Nikiwa peke yangu nawakosa wote wawili.

Septemba 17

Jua. Wodi ya wazazi imefungwa.

Septemba 18

Jua.

Septemba 21

Baba mdogo amewaita wachimba visima wote wa mji huu, na wale wa vitongojini. Wamekuja kama ishirini, baadhi walikuwa wapinzani wake, wamekuja kuona ameangukaje. Amewasimamisha kuzunguka shimo. Akaiwasha ile injini tena, chini, akaiacha mpaka petroli ikaisha. Tukangoja moshi.

Halafu akatoa kuku. Akamweka kwenye kikapu, kandili akaifunga pembeni ya kikapu, akateremsha vyote viwili kwa pamoja, taratibu, kwa mikono yake.

"Mnaona taa?"

Wakasema tunaiona.

"Inawaka?"

Inawaka, mzee.

Akangoja. Kuku alipiga kelele kidogo, akapapatika, kikapu kikayumba. Kisha kikatulia. Akavuta. Kikapu kikatoka shimoni, taa inawaka vizuri kabisa, kuku amelala na shingo imening'inia nje. Fundi mmoja mnene, mwenye pampu mbili za kukodisha, akavua kofia akaanza kuitazama ndani kana kwamba ameandikiwa kitu humo. Akasema kwa sauti ndogo, "Kijana wangu huwa anaumwa kichwa."

"Leo usimshushe," akasema Baba mdogo. "Wala kesho. Injini haiingii kisimani kamwe, hata ikiwa imezimwa."

Walipoondoka alibaki ameshika yule kuku. Nikamkaribia. Nilitaka kumuumiza.

"Kuku mmoja tu," nikamwambia. "Ungemteremsha siku ile, kuku mmoja."

"Sikujua kama kuna swali la kuuliza," akasema. Mdomo ulikuwa unamcheza. "Niliiuliza taa, nikadhani nimeuliza yote."

Nilikuwa na tusi tayari. Nikalimeza, likaenda chini vibaya.

Septemba 24

Amerudi shimoni peke yake. Ameitoa pampu, amelibomoa jukwaa mbao kwa mbao, amezichoma. Maji ya tope anayachota kwa ndoo, kwa mkono, kama wakati wa mababu. Anapanda mwenyewe, anavuta mwenyewe, anashuka tena. Ana goti bovu. Kwa mwendo huo atafika kwenye maji safi siku ya kiama, na yeye hata kiama haamini vizuri.

Septemba 26

Nimeenda kumvutia. Nilishika kamba tu. Hakusema asante, na hapo alifanya vyema.

Septemba 30

Taa kila asubuhi, na kuku wa pili, mzima, mjeuri. Tawi la majani hata kama taa imewaka. Nikamwambia nishuke mimi, una umri. Akasema, "Mama yako anaye mmoja." Basi.

Mchanga mweupe.

Oktoba 3

Jua kali kuliko yote. Msichana wa dirisha la dawa ameniletea kikombe cha maji, hakunitania. Ningependa angenitania.

Oktoba 4

Leo mchana Baba mdogo alikuwa chini, mimi juu, peke yetu. Nikasikia mtaimbo umegonga kitu, halafu sauti ambayo si ya mtaimbo. Akapiga kelele, "Yamekuja! Safi! Yanakuja kwa nguvu!" Akaanza kupanda, nikamsikia anateleza. Tena. Halafu akasema, kwa sauti nyingine, "Goti limekataa."

Maji yanapanda chini yake. Mzee mzima yuko kwenye ncha ya kamba yangu, hakuna mtu uani, wote wako kwenye vivuli. Nikaanza kuvuta. Mimi, mvutaji bora wa mji, nikavuta, akapanda kidogo, kamba ikanirudisha mpaka ukingoni. Si uzito tu. Kila kamba ilipokaza nilikuwa naisikia ile siku, legeza, kushoto, vuta, na kitu ndani yangu kikawa kinasema legeza, legeza, basi.

"Upo?" akaita kutoka chini.

Nikaikodolea kamba macho.

"Mwanangu, upo?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui alifika saa ngapi. Amebeba chakula changu kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa. Tangu msiba hajawahi kukanyaga huku. Akaja mpaka ukingoni, akainama, akatazama ndani. Kule chini yule mzee akainua uso, maji yako kifuani, akamwona ni nani. Hakuomba. Mtu yule kweli haombi.

Mama alimtazama muda mrefu. Nilikuwa naona mgongo wake tu.

Halafu akaweka bakuli chini, mbali na mchanga usiingie, akakaza kanga kiunoni, akaja akashika kamba mbele ya mikono yangu.

"Vuta," akasema.

Tukavuta. Mama ana nguvu, nilikuwa sijui. Futi kwa futi, visigino kwenye mchanga, na roda ya kupitishia kamba inalia juu yetu. Alipofika nusu mama alikuwa anahema.

"Mbona mzito hivi, mzee mwembamba yule?"

"Ni zile kanuni, mama," nikasema. "Anatembea nazo zote."

Hakucheka. Wala hakuachia.